Saiba ya Mwembe Tayari inayojali herufi moja moja

Mimi nafundisha biolojia shule ya upili, Likoni. Muhula huu nimetengeneza sanduku la nzi vimelea: nzi wa njiwa kutoka kwa mjomba anayefuga Mji wa Kale, nzi wa ngamia niliyemtoa kwenye ngamia wa ufuoni, mbung'o, na buu la yule nzi anayetaga penye nguo mbichi zilizoanikwa, limo kwenye chupa ya spiriti.

Kuwatambua hakukunitesa. Nzi wa njiwa ni bapa, hukimbia kiupandeupande katikati ya manyoya, na ukimfinya hafi upesi. Wa ngamia ni mkubwa zaidi, ana mabaka ya manjano hafifu mgongoni. Wote wawili, sawa na mbung'o, hawatagi mayai. Jike huzaa buu mmoja mmoja aliyekwisha kukomaa. Kilichonitesa ni majina yao ya kisayansi, ya kuchapwa kwenye lebo.

Duka la kwanza niliwasomea orodha kwa simu. Nikaletewa "Sudolinkia", "Hipoboska", "Kodilobia antropofaga". Aliyechapa aliandika alivyosikia, kama tuandikavyo Kiswahili, lakini stika 20 zilikwenda jaani, na mwanafunzi akinakili vile kwenye mtihani atakosa alama.

Ndipo nikaenda kibanda kimoja cha saiba, yaani duka la kompyuta na uchapishaji, uchochoroni Mwembe Tayari, Mombasa. Kijana wa pale akakataa kusomewa. "Mwalimu, niandikie kwa mkono wako." Akachapa polepole, *Pseudolynchia canariensis* ya nzi wa njiwa, jenasi kwa herufi kubwa, spishi kwa ndogo, yote kwa mlazo. *Hippobosca* akaiangalia mara mbili kuhakikisha p ni mbili. Kompyuta ilipong'ang'ania kugeuza *austeni* ya mbung'o kuwa jina jingine, akazima usahihishaji wote. Ile i ya mwisho ina maana: ni mbung'o "wa Austen", mtaalamu wa wadudu aliyepewa heshima hiyo na mwenzake Newstead mwaka 1912.

Halafu akasimama, kidole kwenye skrini. "Hapa Macquart, 1839 umemtia mabano. Huyu Leach, 1817 hana. Ni makosa ama ndivyo?"

Jamani, nilifurahi! Miaka yote nafundisha, sijaulizwa swali hilo na mwanafunzi. Nikamweleza: jina na mwaka ni vya aliyeipa spishi jina kwanza, na mabano yanasema aliiweka kwenye jenasi nyingine, kisha ikahamishwa, kama ile ya njiwa ya Macquart. *Hippobosca camelina* ya Leach, yule nzi wa ngamia, haijahama, ndiyo maana haina. Angeyatia kote ili lebo zifanane, angekuwa amechapa uongo bila kukosea hata herufi moja.

Karatasi ya A4 ya stika ni shilingi 80, na nilipata lebo zote kwa karatasi moja. Herufi ndogo zinasomeka vizuri, hata ile ph ya *anthropophaga*, yule nzi wa nguo mbichi. Kasoro niliyoiona ni wino: tone la spiriti likigusa, unachuruzika. Kwa hiyo lebo ya kuingia ndani ya chupa nimeiandika mwenyewe kwa penseli, maana penseli spiriti haiiwezi. Ya kijana nimeibandika nje.

Nendeni asubuhi. Kuanzia saa nane wanafunzi wa vyuo hujaa na kazi zao, na yeye hana msaidizi. Na msimsomee kwa mdomo. Pelekeni karatasi, mmeandika wazi.