NES inakonyeza taa tu: uchemshe konekta au ununue mpya?

Kama una ile NES (mashine ya gemu ya Nintendo) ya kuingizia kaseti ya gemu mbele, iliyoingia Marekani 1985, hili ushaliona: unasukuma kaseti, unaibonyeza chini, taa nyekundu inakonyeza kila sekunde basi. Mara nyingi mashine haijafa, ni pini 72 za konekta (kile kipande cha ndani kinachopokea kaseti) hazigusi kaseti vizuri, ile chipu ya ulinzi inayohakiki kama kaseti ni halali inakosa mawasiliano na inaizima na kuiwasha mashine tena na tena.

Kuchemsha konekta ya asili ndo napenda mimi. Unatoa skrubu, unaichomoa kwenye bodi, unaitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayochemka dakika kama kumi, halafu unaingiza na kutoa kaseti mara kadhaa (usugue kaseti na spiriti kwanza, isirudishe uchafu wote) na uiache ikauke usiku mzima, usiwe na haraka. Yangu ilitoa maji ya kijivu kama ya kufulia soksi, na sasa kaseti inaingia laini.

Mpya ni bei nafuu na unamaliza chapchap, ila nyingi zinabana kaseti balaa, niliyonunua mimi nilikuwa navuta kwa mikono miwili, tena ilishaacha mikwaruzo kwenye miguu ya kaseti.

Pini zikiwa zimevunjika au kutu imezila, hapo nunua tu, sufuria haisaidii. Na kupuliza kaseti acheni jamani, mate ndo yanaleta kutu yenyewe.