Vitabu vya picha vya kwenye kishikwambi: uzoefu wangu na mtoto wa miaka minne

Kwa mzazi anayejiuliza kama vitabu vya picha vya kidijitali vinamsaidia mtoto mdogo kuelewa hadithi, jibu langu ni ndiyo, ila si vyote. Vingine vinamburudisha tu, na hadithi inapita bila kumgusa.

Programu ya kwanza tuliyotumia ni ya kulipia, na kwa macho inavutia mno. Kila ukurasa una vitu vya kugusa: ua linacheka, puto linapasuka, chura anaruka. Mwanangu aliipenda sana. Lakini tulipomaliza hadithi ya ndugu wawili waliogombana, nikamuuliza waligombania nini, akanijibu, "Mama, chura ameruka!" Ndugu wenyewe walikuwa wameshamtoka kichwani. Na chura yule hahusiki kwa lolote na kisa, amewekwa pale aguswe tu. Programu hiyo nimeifuta.

Kitabu kilichonifurahisha kilikuwa cha msichana aliyebeba mfuko wa mbegu. Msimulizi anaposema mfuko umetoboka, picha inasogea taratibu hadi kwenye tundu, na mbegu zinaanza kudondoka moja moja. Anachosikia mtoto ndicho anachokiona, wakati uleule. Ukurasa unaofuata ndege wako nyuma ya msichana. Kabla sijafungua mdomo, mwanangu akasema, "Wanakula zile zilizomwagika." Nilifurahi kweli, maana hakuna aliyemwambia. Mtoto wa umri huu anaweza kukutajia kila kitu kilichomo kwenye picha, lakini kwa nini hili limezaa lile, hapo ndipo huwa anapotea.

Tafiti nazo zinakubaliana na nilichokiona kwenye vitabu hivi viwili. Mwaka 2015 watafiti Takacs, Swart na Bus walichambua kwa pamoja matokeo ya tafiti 43, wakaona kuwa picha zinazotembea, muziki na sauti husaidia kuelewa hadithi, ilhali michezo na vitu vya kubonyeza humvuruga mtoto. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2021, wa Furenes, Kucirkova na Bus, ulionesha kwamba kama kitabu cha skrini hakina chochote cha kukisaidia kisa, watoto huelewa zaidi wakisoma cha karatasi.

Siku hizi tunasoma zaidi kwenye StoryWeaver, maktaba ya mtandaoni ya Pratham Books, shirika la India, iliyoanza mwaka 2015. Ni bure, vitabu vya Kiswahili vimo, vimepangwa kwa ngazi nne kuanzia maneno machache, na unaweza kuvipakua mkasoma bila intaneti. Baadhi vina sauti, na maneno yanawaka kadiri yanavyosomwa. Hakuna vitu vya kubonyeza, na kwangu hiyo ni sifa kubwa.

Jambo moja nalisisitiza: usimwachie mtoto kishikwambi ukaenda zako. Msimulizi wa kwenye skrini hamwoni mtoto alivyokunja uso kwa kutoelewa, wewe unamwona. Mimi husimamisha sauti mahali ambapo jambo linakaribia kutokea na kumuuliza, "Unadhani atafanyaje?" Akikosea simsahihishi, tunaendelea kusikiliza mpaka aone mwenyewe. Mara ya pili nazima sauti kabisa, yeye ndiye ananisimulia kwa kufuata picha. Pale anaporuka ukurasa au kuanza kubabaika, najua ndipo hakuelewa, tunarudi hapo. (Zima pia taarifa za ujumbe kabla ya kuanza. Mlio mmoja tu na hadithi imekatika.)

Ukitaka kununua programu ya aina hii, fungua kwanza hadithi ya majaribio na uguse kila kinachogusika. Kikitokea kitu kinachoeleza kisa, lipia. Ikiwa ni vyura wa kuruka tu, pesa yako ibaki mfukoni.