Wireshark kwa anayejifunza soketi za C, naipa 4 kati ya 5

Habarini wakuu, hii ya Wireshark, programu ya kunasa na kuonyesha data inayopita kwenye mtandao, naandika kwa yeyote anayejifunza soketi (njia ya programu mbili kuongea kwa mtandao) kwa lugha ya C afu meseji zake zinafika hovyohovyo na hajui aanzie wapi. Mi niko Sinza, nilikuwa natengeneza kiprogramu cha kutuma oda toka kaunta kwenda jikoni kwenye mgahawa wa mamdogo, namba ya meza, chakula, idadi, basi. Kaunta ikatuma "3 chipsi mayai 1" na hapohapo "5 mishkaki 4", jikoni ikatokea "3 chipsi mayai 15 mishkaki 4". Chipsi mayai 15! Trei nzima ya mayai ingeisha kwa mtu mmoja wa meza ya 3.

Siku 2 nalaumu wifi tu. Nikahamishia programu zote mbili kwenye laptopu moja, tatizo lilelile, ndo nikaweka Wireshark, ni ya bure, nikachagua kunasa kwenye lo (njia ya ndani ya mashine yenyewe) nikaandika tcp.port == 8080 nione za poti 8080 tu, aisee kumbe kila oda imesafiri na paketi yake, moja baiti 16 nyingine baiti 12, safi kabisa, ila recv yangu (fanksheni ya kupokea data) ndo imezoa zote 28 kwa mkupuo maana TCP, itifaki inayobeba hizo data, ni mtiririko wa baiti tu haijui oda inaishia wapi. Sasa hivi kila oda inatanguliwa na baiti 4 za urefu zilizopita htonl (inaweka baiti za namba kwa mpangilio wa mtandao), na jikoni recv inazunguka kwenye lupu mpaka zitimie, oda hazijagandana tena.

Kuna siku nyingine nilisahau htons (kama htonl ila ya namba fupi kama ya poti) kwenye seva, klaienti ikawa inakataliwa, Wireshark ikanionyesha SYN (ombi la kuunganishwa) inaenda 8080 na inarudishiwa RST (jibu la kukataliwa), yani hakuna anayesikiliza pale, kucheki na ss (komandi ya kuonyesha poti zinazosikilizwa) seva imekaa poti 36895, baiti zimegeuzwa.

Nyota moja nimekata kwenye filta, ile ya kabla ya kunasa unaandika tcp port 8080, ile ya kuchuja ulichonasa ndo tcp.port == 8080, anayeanza lazima zimchanganye na hazijaelezwa vizuri palepale. Na kwa wa Ubuntu, ikikuuliza wakati wa kuinstoo kama watumiaji wa kawaida waruhusiwe kunasa jibu ndiyo, jiongeze kwenye grupu la wireshark, afu logi auti urudi tena.