Saa za mazoezi: kwenye skwati, kalori hesabu mwenyewe

Saa ndogo za mazoezi zinazouzwa Darajani, sokoni Zanzibar, zenye mkanda wa mpira na taa za kijani mgongoni, zinamfaa anayezunguka uwanja wa Maisara jioni. Kwa mtu wa skwati, yaani kuchuchumaa na kuinuka, kalori zinazooneshwa na saa si za kutegemea.

Saa inasoma mtikisiko wa mkono, na kwenye skwati mikono umeinyoosha mbele imetulia. Kazi iko kwenye mapaja na makalio, hivyo saa inahesabu pungufu. Ikifuata mapigo ya moyo, inakosea upande wa pili: umemaliza seti, umekaa unapumua, moyo bado unakwenda mbio, nayo inazidi kukuandikia kalori. Ukishika chuma, ngumi iliyokazwa huvuruga damu inayopita kwenye kifundo cha mkono na usomaji huyumba. Piko nyeusi chini ya saa nayo huweza kuziba mwanga wa taa zinazosoma mapigo, basi aliyepakwa aivae pasipo na rangi.

Karatasi na kalamu vinakaribia ukweli zaidi. Jedwali la mwaka 2011 wanalotumia wataalamu wa mazoezi linaipa skwati kiwango cha 5, yaani mara tano ya nguvu anayotumia mtu aliyekaa. Zidisha 5 kwa 3.5, kisha kwa kilo zako, gawa kwa 200: hizo ni kalori za dakika moja. Mwenye kilo 70 anapata 6 na kidogo. Skwati 100, kwa mwendo wa 20 kila dakika, ni dakika 5: kalori 31 hivi, sawa na vijiko viwili vidogo vya sukari kwenye chai! Saa ikikuonesha 90, usiishangilie. Na ndani ya hizo 31 zimo ambazo ungezitumia hata umekaa barazani. Ukitaka za zoezi tupu, weka 4 badala ya 5, utapata kama 25.

Hesabu dakika za kuchuchumaa tu, za kupumzika ziache. Weka kiti nyuma, makalio yaguse ukingo kila unaposhuka, maana skwati ya nusu haina kalori za skwati kamili.

Ukiamua kununua, ivae upana wa kidole juu ya kifundo, mkanda usicheze. Ingiza uzito uliopimwa kwenye mizani, si wa kukisia. Kabla hujalipa, hesabu mapigo shingoni kwa sekunde 30, zidisha kwa 2. Yakipishana na ya saa kwa zaidi ya 10, rudia. Yakipishana tena, mrudishie mwenye duka.