Puzzle Quest kwenye DS: kito ukiacha, adui anakichukua

Pambano la kwanza nililoshindwa katika mchezo huu wa video wa vito, nilishindwa kwa tamaa. Nilibakiza vito vitatu tu vyekundu nipate kurusha uchawi wangu, navyo vilikuwa pale pale mbele ya macho. Nikavichukua. Vya juu vikashuka kujaza nafasi, mafuvu mawili, yale yanayompiga mpinzani, yakakaa sambamba, na la tatu likabaki hatua moja pembeni. Zamu ikawa ya adui yangu, kiunzi cha mifupa. Hakikuhitaji hata kufikiri.

Hapo ndipo nilipouelewa mchezo huu. Puzzle Quest: Challenge of the Warlords ulitoka mwaka 2007 kwa Nintendo DS na PSP, mashine za michezo za kushika mkononi, na mbunifu wake ni Steve Fawkner, yule yule aliyeanzisha michezo ya vita ya Warlords. Ukiutazama juu juu utadhani ni ule mchezo wa kupanga vito vitatu vya rangi moja tunaoujua wote. Tofauti ni kwamba ubao wa 8 kwa 8 ni mmoja, na mnautumia wawili kwa zamu, wewe na adui. Vito vyekundu, kijani, bluu na njano vinakupa mana, yaani nguvu ya kurushia uchawi. Mafuvu yanampiga mpinzani moja kwa moja. Nyota za zambarau zinaongeza uzoefu unaomkuza mhusika wako, sarafu zinaongeza dhahabu. Ukipanga vinne kwa mstari unapata zamu nyingine, na zamu moja ya ziada imeniokoa mara nyingi kuliko panga lolote nililonunua.

Kwa hiyo swali halishii kwenye nitachukua nini. Inabidi uulize pia nitamwachia nini. Nilianza kuchukua vito vya njano nisivyovihitaji kabisa, ili tu adui anayetegemea njano akae na njaa. Mara nyingine niliacha mana nono kwa sababu kuichukua kungefungua njia ya mafuvu. Anayecheza drafti atajisikia nyumbani.

Upande wa hadithi una ufalme unaotishiwa, majeshi ya wafu, na ramani ya kusafiri mji hadi mji. Maandishi yenyewe ni ya kawaida, lakini wahusika wanapendeza. Kuna Drong, zimwi mwenye njaa isiyoisha ambaye kila kiumbe anamwona mlo. Kuna binti mfalme Seraphine, unayetakiwa kumsindikiza kwenye ndoa asiyoitaka, na uamuzi wa kumpeleka au kumwacha huru ni wako. Niliukalia uamuzi huo muda mrefu kuliko nilivyotarajia kwa mchezo wa vito.

Kinachoniudhi ni bahati. Vito vipya vinavyodondoka kutoka juu havitabiriki, na kuna nyakati adui anafanya hatua moja ndogo, vinaporomoka, vinajipanga vyenyewe, vinaporomoka tena, na ushindi wako wote unayeyuka huku unatazama. Niliamini kabisa kwamba mashine inaiba. Kisha nikaanza kuangalia kwa makini na nikakuta mimi pia ninapata maporomoko kama hayo, ila yangu nilikuwa nayasahau upesi. Bado inauma. Afadhali ukishindwa hupokonywi uzoefu na dhahabu ulizokusanya, basi unarudi ulingoni ukiwa na nguvu kidogo zaidi.

Jambo jingine ni kalamu ya DS, ile ya kugusia kioo. Vito ni vidogo, na ukigusa cha jirani kwa bahati mbaya ukafanya hatua isiyopanga chochote, unaadhibiwa. Nilijifunza kugusa taratibu, katikati ya kito. Kwenye gari linalorukaruka ni heri usicheze kabisa.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote ni kuteka maadui. Ukishajenga gereza kwenye ngome yako, na ukishamshinda kiumbe wa aina fulani mara kadhaa, unaweza kujaribu kumkamata badala ya kupigana naye. Unapewa vito vilivyopangwa tayari, hakuna kipya kinachodondoka, na lazima uvimalize vyote bila kubakiza hata kimoja. Hapo bahati haina nafasi. Kuna kiumbe mmoja nilimrudia siku tatu, nikachora mpangilio wake kwenye karatasi, nikautatua kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Ukifaulu, mateka anaweza kukufundisha uchawi wake, na wengine unawapanda kama farasi. Laiti mchezo mzima ungekuwa na mafumbo ya namna hiyo mara mbili zaidi.

Nimeshaumaliza, na sasa nimeanza upya na mhusika mwingine. Mara ya kwanza nilimsindikiza Seraphine hadi kwenye ndoa ile. Safari hii nimemwacha huru, na tunapigana upande mmoja.