Uzoefu wangu na kinanda cha Yamaha PSR-S670: kushusha besi bila kuua ngoma

Zamani nilikuwa napigia kwaya kwenye kinanda kidogo chenye volyumu moja tu ya staili, yaani ile bendi ya ndani ya kinanda inayokusindikiza yenyewe, ukishusha vinashuka vyote ngoma, besi, pedi (zile sauti laini ndefu za kujaza nyuma), ukipandisha mwalimu wa kwaya naye anakuja juu, "sauti ya tatu siwasikii kabisa!" Fundi mitambo ananiambia kaka punguza besi, namjibu punguza wewe huko kwenye mixa, kumbe namwonea bure, kinanda kizima kimemfikia kwa waya mbili za kushoto na kulia, kila kitu kimeshachanganyika, akikata besi kwake anaondoka na kiki ya ngoma pia.

Basi nikapata hii S670 ya mtumba, toleo la 2015. Unabonyeza kitufe cha mixa ya kinanda chenyewe mara kadhaa mpaka ufike ukurasa wa staili, hapo unakuta chaneli nane zimejipanga: Rizimu 1 na 2, Besi, Kordi 1 na 2, Pedi, Frezi 1 na 2, kila moja na volyumu yake kuanzia 0 mpaka 127, na chini ya skrini kuna vitufe vya kupandisha na kushusha. Kitu nilichochelewa kujua ni kwamba ngoma zenyewe mara nyingi ziko Rizimu 2, Rizimu 1 inabeba vinjonjo kama manyanga na konga, mimi nilikuwa nashusha 1 halafu nashangaa mbona snea, ile ngoma kali ya kupasuka, bado inanipasua masikio. Ukitaka kujua nani anapiga nini, nenda kwenye ukurasa wa kuwasha na kuzima chaneli, shikilia kitufe cha chaneli moja, itabaki inalia peke yake.

Frezi mimi nazishusha karibu kila staili. Zile ndo zinapiga vimelodi vya pembeni vinavyogombana na waimbaji, ila sizizimi kabisa maana staili inabaki uchi.

Sasa uzembe wangu. Jumamosi usiku nimekaa napanga staili tatu vizuri kabisa, asubuhi kanisani nabadilisha staili, narudi ile ya kwanza, volyumu zote zimerudi za kiwandani! Jasho lilinitoka, na wimbo wa kuingilia umeshaanza. Kumbe ukishapanga inabidi uingie sehemu ya kutengenezea staili, uihifadhi kama staili yako kwa jina jipya, ndipo uiweke kwenye rejistresheni, yaani vitufe vya kumbukumbu vinavyoita mpangilio wako wote kwa mara moja. Kitabu kinasema, mimi ndo sikusoma.

Na usipangie kwenye hedifoni peke yake, besi iliyokaa sawa masikioni ikifika kwenye spika kubwa za kanisa inatetemesha mabenchi.

Ninachokikosa ni slaida, vile vishikio vya kusogeza juu na chini, maana kubonyeza bonyeza vitufe katikati ya wimbo huku mkono mmoja unashika kordi ni kazi. Ila kuzima chaneli ni rahisi, kabonyezo kamoja tu. Tuna kijana wa gitaa la besi anayetegemea daladala, akichelewa naacha besi ya kinanda itembee, nikimwona anachomeka waya naizima pale pale na wimbo unaendelea, hata mwalimu hageuki.