Dawa za mama: 111 walitusikiliza, mapokezi ya kliniki walitukatia simu

Naandika nikiwa bado na hasira, wala sioni sababu ya kuificha. Mama yangu, mzaliwa wa Tanga ambaye sasa anaishi nami huku kusini mwa Uingereza, ana kisukari na huchoma sindano ya insulini kila siku. Kwa miaka mingi dawa zake za kila mwezi aliziagiza mwenyewe kwa simu: alipiga kliniki ya daktari wetu wa familia, akataja jina, tarehe ya kuzaliwa na dawa anazotaka, na baada ya siku mbili za kazi duka la dawa la mtaani lilikuwa limekwisha kupokea cheti chake kwa kompyuta. Kiingereza chake ni cha kuungaunga, lakini jambo hilo alilimudu, na alifurahi kwamba halimsumbui mtu.

Siku chache kabla ya Pasaka alipiga kama kawaida. Mhudumu wa mapokezi akamwambia kwamba maagizo ya simu yamefutwa, atumie programu ya simu ya NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza. Mama akaeleza kwa upole kwamba simu yake ni ya vitufe. Spika ilikuwa wazi, nami nikalisikia jibu kwa masikio yangu: "Basi tafuta mtu mwenye simu ya maana." Simu ikakatwa. Mama akabaki ameishika, akiita "Haloo, haloo", akidhani mtandao ndio uliokatika. Hilo liliniuma kuliko yote, kwamba hakumfikiria mtu yeyote kuwa angeweza kumkatia mzee simu kwa makusudi.

Mimi ninayo programu hiyo, lakini akaunti yangu inaonyesha dawa zangu tu. Ili nimwagizie mama ni lazima kliniki iniidhinishe, na fomu ya idhini inapokelewa kwenye mapokezi yale yale. Nikapeleka karatasi ya kuagizia kwa mkono, ile yenye visanduku vya kutia alama, lakini kliniki ikafungwa Ijumaa Kuu hadi Jumatatu ya Pasaka kabla haijashughulikiwa. Jumamosi jioni, kizibo cha mpira ndani ya kalamu ya insulini kilikuwa kimekaribia mwisho wa mrija, yaani insulini ilikuwa inakwisha.

Nikapiga 111, namba ya NHS ya kuomba msaada wa afya wa haraka kwa simu. Aliyepokea aliuliza kwanza maswali ya hatari, kama mama anapumua vizuri na kama ana maumivu ya kifua, kisha akauliza kama tungependa mkalimani. Baada ya kusubiri kidogo ikasikika sauti ya mwanamke: "Shikamoo mama." Mama akaitikia, "Marahaba mwanangu," akavuta kiti, akaanza kujieleza mwenyewe bila kunitazama. Tukaelekezwa kwenye duka la dawa lililokuwa wazi usiku ule, na mfamasia, baada ya kuangalia kumbukumbu za matibabu za mama, akampa insulini ya dharura bila cheti cha daktari. Hakuna aliyetuharakisha. Kwa huduma hii nawasifu bila kubakisha neno.

Nirudi kwenye kliniki, maana sitaki kuwaonea. Majina mengi ya dawa yanafanana yakitajwa kwa simu, na kosa moja la kusikia linaweza kumpa mgonjwa dawa isiyo yake. Kliniki nyingi za Uingereza ziliacha maagizo ya simu kwa sababu hiyo, nami sababu hiyo naikubali. Daktari wetu ni hodari, na muuguzi anayekagua miguu ya mama humshughulikia kama mzazi wake. Kwa ajili yao nilikuwa tayari kuyasamehe yote. Lakini nilipokwenda kuchukua fomu ya idhini nililikuta tangazo la kliniki yenyewe ukutani, likisema wazi kwamba wazee wasio na intaneti wanaruhusiwa kuendelea kuagiza kwa simu. Mama alikuwa na haki ile siku zote! Aliyemnyima alikuwa ameketi chini ya tangazo hilo.

Sasa siwezi kuishauri familia yoyote yenye mzee ijiandikishe pale, japokuwa daktari ni mzuri. Nimemwandikia meneja malalamiko. Sikudai fidia, nimetaka ruhusa hiyo ya wazee kuagiza kwa simu itajwe kwa kila anayepiga, na mama apigiwe simu, mkalimani akiwa kwenye laini, aombwe radhi kwa lugha yake. Hadi leo hawajapiga.